Jeshi la Tibeti mezani: nunua kwanza walioshuka farasini

Ukitafuta picha za askari wa kale wa Tibeti, hukosi kumkuta yule mpanda farasi: kofia ya chuma yenye manyoya utosini, fulana ya pete za chuma, visahani vya duara kifuani. Picha zinapendeza, na wachongaji wa visanamu vya mchezo wa vita wa mezani wamezipenda. Tatizo ni kwamba zilipigwa Lhasa katika karne ya 20, wakati wa sherehe za mwaka mpya, na watu wale wamevalishwa silaha za mababu kwa ajili ya gwaride. Kama unajenga jeshi la karne ya 8, ziweke kando.

Jeshi langu ni la mwaka 763. Uasi wa jenerali An Lushan ulikuwa umeilazimisha nasaba ya Tang ya China kuviondoa vikosi vyake vya mpaka wa magharibi, na Watibeti wakapata upenyo. Waliingia Chang'an, mji mkuu, wakamtawaza kibaraka wao na kuondoka baada ya siku 15 hivi. Hawakuwa peke yao: Watuyuhun na Wadangxiang, makabila jirani, waliandamana nao, kwa hiyo wale wapiga mishale wa farasi waliokubakia kwenye jeshi jingine la nyika watapata kazi.

Shahidi muhimu ni Du You, afisa wa Tang aliyekamilisha Tongdian, kitabu chake kikubwa cha taasisi za dola, mwaka 801. Anasema Watibeti na farasi wao huvaa deraya ya pete inayofunika mwili wote isipokuwa macho, hata upinde wenye nguvu na upanga mkali haviwadhuru. Watunga orodha za majeshi ya mchezo huu wengi husoma wakaishia hapo, ndiyo maana meza zetu zimejaa farasi wenye deraya wakishambulia kwa mbio. Lakini Du You anaendelea: vita vikianza, lazima washuke na kujipanga safu, wa mbele akifa, wa nyuma huziba nafasi, wala hawakubali kurudi nyuma. Mikuki yao ni mirefu na myembamba kuliko ya Wachina. Upinde hawauwezi sana.

Hapo manunuzi yote yanabadilika. Kwa kila kibao cha wapanda farasi (kitako wanachosimamishwa visanamu), uwe na kibao cha watu walewale wakiwa chini, na fedha zikiwa chache anza na hao wa chini. Ni adimu madukani. Mimi huchukua visanamu vya askari wa miguu wa Asia ya Kati vya kimo cha milimita 28, natoboa ngumi, kisha napachika waya mwembamba wa chuma badala ya mkuki wa bati, ambao hupinda ukiutazama tu.

Si kila mtu alivaa deraya ya pete. Katika ngome ya Watibeti ya Miran, mwanaakiolojia Aurel Stein alifukua vibao vya deraya, yaani vipande vidogo vinavyofungwa pamoja kuwa deraya, vya ngozi iliyopakwa laka, ambavyo leo viko British Museum: tabaka za nyekundu na nyeusi, zimekwanguliwa mapambo ya viduara na herufi S. Napaka nyeusi kwanza, kisha nyekundu iliyokolea, nikiacha mstari mweusi kati ya safu na safu. Angalia pia mpangilio. Deraya ya vibao hufumwa kinyume cha magamba ya samaki, safu ya chini ikiilalia ya juu yake, na wachongaji wengi hukosea hapo. Kwenye visanamu vya milimita 15 haionekani, achana nayo.

Rangi za nguo nazitoa Dunhuang, mji wa magharibi mwa China wenye mapango yaliyochorwa, uliokuwa chini ya Watibeti hadi 848. Ukutani mwa pango namba 159 amechorwa mfalme wa Tibeti na msafara wake, kwa kanzu ndefu zenye mikono inayofunika viganja.

Usipachike mkia wa mbweha kwenye kofia ya ofisa, hata kama unapendeza. Kumbukumbu za Tang zinasema ulitundikwa kichwani mwa mwoga. Mimi nimeufanya alama ya kikosi kilichovunjika.

Kamanda wangu ni jenerali Ngenlam Takdra Lukhong, ambaye sifa zake za vita ya 763 zimechongwa kwenye nguzo ya Zhol, chini ya kasri la Potala huko Lhasa. Vyeo vilijulikana kwa pambo lililofungwa mkononi: jiwe la buluu juu ya vyote, halafu dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha tupu, na mwisho shaba. Kwake yeye nimeweka tone la buluu, na wakuu wa vikosi wamepata dhahabu.