Mgonjwa mmoja zaidi anagharimu kiasi gani?

Bajeti ya kaunti ikikaribia, mapendekezo ya afya huja na hesabu ileile: jumla ya fedha imegawanywa kwa jumla ya watu watakaofaidika. Hesabu ni sahihi, lakini inapotosha. Mwamuzi anatakiwa kujua shilingi inayoongezwa inaleta nini juu ya kile kilichopo tayari.

Tuchukue kifua kikuu katika wadi moja ya Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kwa namba za mfano tu. Njia ya kwanza ni kungoja wenye kikohozi waje wenyewe kwenye zahanati: Sh milioni 2 kwa mwaka, wagonjwa 100 wanagunduliwa. Njia ya pili, wahamasishaji wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na makohozi yanapelekwa kwenye GeneXpert, mashine inayopima kifua kikuu: Sh milioni 3.8, wagonjwa 160. Njia ya tatu inaongeza gari la eksirei: Sh milioni 8, wagonjwa 190.

Kwa wastani, kila mgonjwa anagharimu Sh 20,000, Sh 23,750, kisha Sh 42,000 na ushei. Gari linaonekana ghali mara mbili tu, na mwakilishi wadi anayependa kupigwa picha mbele ya gari jipya hatakosa hoja. Lakini tazama nyongeza peke yake. Kutoka njia ya kwanza hadi ya pili, Sh milioni 1.8 zinaleta wagonjwa 60, yaani Sh 30,000 kwa kila mmoja. Kutoka ya pili hadi ya tatu, Sh milioni 4.2 zinaleta 30: Sh 140,000 kwa kila mmoja.

Je, Sh 140,000 ni nyingi mno? Kwa miaka mingi wachumi wa afya walitumia kipimo kilichotokana na tume ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2001: mwaka mmoja wa maisha yenye afya ukipatikana kwa chini ya mara tatu ya pato la taifa kwa kila mtu, mradi unafaa. Kipimo hicho ni kilegevu mno, na kwa kukifuata karibu kila kitu kinafaa huku mfuko ukiwa uleule. Swali la maana ni nini kitakatwa ili gari linunuliwe. Ikiwa ni klorini ya maji, pima gari dhidi ya klorini.

Kinachoharibu makadirio mara nyingi ni idadi ya vipimo kwa kila mgonjwa anayepatikana. Kartriji ya GeneXpert, kifaa kinachotumika mara moja kwa kila kipimo, ilishushwa bei mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Ukipima watu 20 ili umpate mmoja, kartriji peke yake ni kama dola 160; ukipima 50, ni karibu dola 400. Ongeza pikipiki ya kubeba makohozi na umeme unaokatika. Na usisahau mfuko wa mgonjwa: dawa za kifua kikuu ni za bure katika vituo vya umma, ila nauli na kibarua anachokosa si bure.

Kwa miradi ya muda mrefu kuna mtego mwingine. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini Kenya Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, inazuia saratani ya miongo kadhaa ijayo. Wachumi huihesabu faida ya kesho kuwa ndogo kuliko ya leo: faida ya 100 itakayopatikana baada ya miaka 30, ikipunguzwa kwa asilimia 3 kila mwaka, leo ina thamani ya 41. Kwa asilimia 5, ni 23. Chanjo ni ileile, ila mwandishi wa ripoti amebadilisha namba moja kwenye kiambatisho, kwa hiyo soma kiambatisho kwanza.

Gari nalo halifai kutupwa. Likizunguka mtaa mzima baada ya wahamasishaji kupita, linaokota wachache waliobaki. Likipelekwa magerezani, ambako watu wamesongamana na maambukizi ni mengi, vipimo kwa kila mgonjwa hupungua na gharama ya nyongeza hushuka. Hesabu hiyo ifanywe peke yake, isichanganywe na ya wadi.