Kuitambua na Kuikuza Ratibida pinnata, Ua la Manjano la Mbuga za Amerika Kaskazini

Picha nyingi za maua ya manjano ninazoletewa ili niyatambue hulenga ua peke yake na kuliacha jani, jambo linalofanya kazi iwe ngumu bila sababu, kwa kuwa katika jamii ya alizeti manjano ni rangi ya wengi. Ratibida pinnata, mmea wa kudumu unaoota kwa asili katika mbuga za nyasi ndefu za katikati ya Amerika Kaskazini, hutambulika kwa jani, kitovu (sehemu ya katikati ya ua iliyoinuka) na harufu, na mimi huvichunguza kwa mpangilio huo.

Jani lake, hasa lile la chini, limegawanyika hadi karibu na mshipa wa kati na kuwa vipande vyembamba vilivyochongoka, kwa kawaida vitatu hadi saba, na ukilipapasa utahisi vinyweleo vifupi vinavyokwaruza. Dalili hii moja inatosha kuiondoa Rudbeckia hirta, ua la manjano linalofanana nayo ambalo majani yake ni mazima, yaani hayakugawanyika, na pia Echinacea paradoxa, ua jingine la manjano lenye petali zinazoning'inia, linalopatikana hasa katika milima ya Ozark huko Missouri na Arkansas. Rudbeckia laciniata, ua jingine la manjano, inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu nayo ina majani yaliyogawanyika; hata hivyo, hiyo hupenda mahali penye unyevu mwingi, na vipande vya majani yake ni vipana zaidi.

Kitovu cha Ratibida pinnata kina umbo la yai, urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi, na huanza kikiwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kabla ya kugeuka hudhurungi kuanzia chini kwenda juu, kadiri vijiua vyake vidogo vinavyofunguka. Petali zake huning'inia kama mwavuli uliofungwa nusu; kwa kweli kila moja ni kijiua kamili kisichozaa mbegu, ambacho kazi yake ni kuwavutia wadudu tu. Ndugu yake wa karibu, Ratibida columnifera, ana kitovu kirefu chenye umbo la nguzo, ambacho chaweza kufikia sentimita tano, na petali fupi ambazo mara nyingine huwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Ukibaki na shaka, kisage kitovu kati ya vidole: Ratibida pinnata hutoa harufu ya kiungo cha anisi, na harufu hiyo hubaki hata katika vitovu vilivyokauka wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha kunyauka.

Katika kuukuza mmea huu, kosa ninalolikuta zaidi bustanini ni ukarimu. Shina lake ni jembamba na hufikia mita moja hadi moja na nusu, kwa sababu umezoea kusimama katikati ya nyasi zinazouegemeza pande zote na kugombania maji nao. Ukiupanda peke yake katika udongo uliojaa samadi na kuumwagilia kila siku, utarefuka upesi kisha utaanguka, na kuufunga kwenye kijiti ni kutibu dalili tu. Mimi huupanda kwenye jua kamili, katika udongo wa kawaida usiotuamisha maji, hata wa mfinyanzi, bila mbolea yoyote, nikiuchanganya na nyasi kama Schizachyrium scoparium, ambayo ni fupi kiasi cha kutoufunika na imara kiasi cha kuushikilia. Ubwiriunga, yaani ukungu mweupe kama unga, huweza kutokea kwenye majani mwishoni mwa msimu, lakini ni nadra kuudhuru mmea kiasi cha kuhitaji dawa.

Mbegu zinahitaji kipindi cha baridi yenye unyevu kabla ya kuota vizuri. Zichanganye na mchanga uliolowa kidogo, zitie katika mfuko, uziweke ndani ya friji kwa mwezi mmoja hivi, au zisie nje mwishoni mwa vuli na kuiachia baridi yenyewe ifanye kazi hiyo. Zifunike kwa udongo kidogo sana. Mwaka wa kwanza mche hutoa majani ya chini tu huku ukijenga mizizi, kwa hiyo usiung'oe ukidhani ni gugu. Maua huja kwa kawaida mwaka wa pili, mara nyingi Julai na Agosti.

Vitovu vilivyokauka ni afadhali viachwe juu ya shina, kwa kuwa ndege hula mbegu zake na zinazodondoka huota zenyewe. Anayetaka kuhifadhi mbegu na avune kitovu kinapokuwa hudhurungi chote na kumeguka kwa urahisi kikisuguliwa, kisha azikaushe kivulini kabla ya kuzifunga.