Bakteria waishio ndani ya mimea: je, watatupa antibiotiki mpya?

Mmea wenye bakteria ndani si mmea mgonjwa?
Si lazima. Hata jani bichi lisilo na doa lina bakteria katikati ya seli zake, wala hawalidhuru. Wataalamu huwaita endofaiti. Mmea huwapa hifadhi na chakula; baadhi yao hulipa kodi ya pango kwa kutengeneza kemikali zinazofukuza vimelea. Kemikali hizo ndizo zinazowindwa, maana usugu wa dawa, yaani bakteria wa magonjwa kutouawa tena na antibiotiki, uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 mwaka 2019.

Watafiti wanajuaje bakteria katoka ndani, si vumbi la juu?
Kipande cha shina huchovywa kwenye spiriti, kisha kwenye klorini, halafu husuuzwa kwa maji yasiyo na kijidudu. Maji ya suuzo la mwisho nayo humwagwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria. Yakiota chochote, kazi inaanza upya. Yakibaki hivyohivyo, shina hukatwa na kulazwa kwenye kisahani kingine, na baada ya siku kadhaa vidoa huchomoza pale kwenye mkato. Kila kidoa hukuzwa peke yake, kisha hukutanishwa na bakteria wa ugonjwa. Likitokea duara tupu ambamo adui kashindwa kuota, hapo pana kitu.

Kuna mfano?
Upo, nami naupenda. Kaskazini mwa Australia kuna mmea utambaao, *Kennedia nigriscans*, ambao wenyeji wa asili huutumia kutibu majeraha. Mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba ndani yake walimpata bakteria wa jamii ya *Streptomyces* atengenezaye viuabakteria walivyoviita munumbisini. Huenda basi sifa za mwenye nyumba zilikuwa za mpangaji! Ndugu yake wa udongoni ndiye aliyetupa antibiotiki ya streptomisini mwaka 1943.

Basi nikitafuna majani napata antibiotiki?
Hapana. Kiasi kilichomo hakijulikani, na mmea wenyewe unaweza kuwa na sumu. Tena kuua bakteria kisahanini si kazi. Hata spiriti huwaua. Kazi ni kuwaua mwilini huku figo na ini vikibaki salama. Kemikali nyingi hukwama hapo. Nyingine zikichunguzwa vizuri hukutwa ni dawa ileile ya zamani, na watafiti hurudi kukata shina jingine.