Seremala asiyekula mbao

Nikipasua gogo walimokaa chungu seremala, kwanza napitisha kidole kwenye vijia vyao. Ni laini, kama vimepigwa msasa. Vya mchwa vimepakwa udongo na vinakwaruza. Kwa kidole tu nitakuambia nani alikaa humo, hata kama ameshahama.

Ninayemzungumzia ni Camponotus pennsylvanicus, chungu seremala mweusi wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. De Geer, mtaalamu wa wadudu wa Uswidi, ndiye aliyemweleza kisayansi, mwaka 1773. Wafanyakazi wadogo wana milimita 6 hivi, wakubwa hufikia 13, na matumbo yao yana vinyweleo vya rangi ya dhahabu iliyofifia.

Watu humfananisha na mchwa, na hapo ndipo wanapokosea. Huyu mbao haili. Anaitafuna, anaitema nje, basi. Chini ya tundu lake utakuta kichuguu cha unga wa mbao uliochanganyika na vichwa na miguu ya wadudu aliowala. Hupenda mbao iliyolowa na kulainishwa na kuvu. Kwenye pete za mti huchimba sehemu laini na kuacha ngumu zimesimama kama kuta nyembamba. Ana jicho la fundi, nasema mimi.

Chakula chake kikuu ni maji matamu wanayotoa vidukari, ambayo ni sukari tupu kwa kiasi kikubwa. Upungufu wa protini huzibwa na bakteria waitwao Blochmannia: wanaishi ndani ya seli za utumbo wake na kumtengenezea asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, ambazo mwili wake hauwezi kuziunda.

Malkia huanza peke yake. Akishapandwa hukata mbawa, hujifungia kwenye tundu, na hulea watoto wa kwanza bila kuonja chochote; misuli ya mbawa ambazo hazihitaji tena ndiyo huyeyuka na kuwa chakula chao. Wafanyakazi hao wa mwanzo huwa wadogo kweli. Kundi huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa chungu wenye mbawa, yaani madume na malkia wapya.

Likikua, hufungua matawi, yaani viota vya ziada. Mayai hukauka upesi, kwa hiyo hubaki na malkia penye unyevu. Lava wakubwa, yaani watoto waliokwisha kuanguliwa, na mabundo, yaani watoto wanaogeuka kuwa chungu kamili, huhamishiwa kwenye mbao kavu, yenye joto. Ndiyo maana ukiwafukua ukutani mara nyingi malkia humkuti: yumo kwenye kisiki huko nje. Gonga ukuta huo usiku, utege sikio. Utasikia mchakacho, kama mtu anakunja karatasi kavu.