Buji inawaka, na mazuku iko palepale

Wiki hii tena. Papa mumoja anataka kununua paseli (kiwanja) upande wa Lac Vert, hapa Goma, bei ya chini kabisa (hapo tu ungejiuliza kwa nini, lakini tuendelee), ananiambia: "Fundi, nilienda na buji (mshumaa), iliwaka mpaka ikaisha, mazuku haiko." Nimechoka na hiyo mambo ya buji, njo naandika.

Mazuku ni gazi kaboniki (CO2) yenye kuua: haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, inatoka mu nyufa za makoro (mawe ya volkano) inalala mu mashimo kama maji. Hiyo munajua. Na hapana, haiko metani, ile gazi ya kuwaka ya ziwa Kivu, ile ni mambo ingine. Sasa buji: CO2 ikifika asilimia 10 buji bado inawaka, inataka mingi zaidi ndiyo izime, lakini kwa asilimia 10 ileile mtu anaanguka mu dakika chache tu, na buji inaendelea kumumulikia pale chini vizuri kabisa. Ikizima umechelewa, ikiwaka haijakuambia kitu.

Na papa aliishika buji yake wapi? Pa kifua, saa sita ya mchana, upepo wa ziwa unavuma! Mazuku inajaa usiku na asubuhi mapema wakati hewa imetulia, mchana jua na upepo vimekwisha kuitawanya. Shimo moja nilipima alfajiri, pa kiuno aparei ya kupima gazi imenyamaza, naishusha pa magoti inaanza kulia, chini zaidi sikuinama. Pa magoti ni urefu wa mbuzi. Ni urefu wa mtoto anayelala juu ya shiti. Mu 2023 watu waliokimbia vita walijenga vibanda Bulengo na kulekule Lac Vert, walikuwa wanalala chini juu ya makoro, na haiko kwamba hawakuogopa, nafasi ingine walipewa wapi?

Hapo ndipo kazi yangu ya kupima mazuku inanichanganya. Nasema "hameni hapa", halafu narudi kulala kwangu pa kilima, na siku zingine naona ni kama namtukana mtu.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema basi atajenga etaji (gorofa), walale juu. Kusema kweli haiko jibu mbaya. Nikamuuliza mbuzi atazifunga wapi.