Goti la mkimbiaji ni nini, na kwa nini si "ute umekauka"

Wiki ya tatu tangu nianze kukimbia, nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kama mzee wa miaka 80: upandeupande, mkono umeshika reli, mguu mmoja baada ya mwingine. Kupanda kulikuwa na nafuu. Kukimbia kwenyewe, ajabu, hakukuniuma hata kidogo kwa kilomita mbili za mwanzo. Ngazi za kushuka ndizo zilizonitoa jasho, na kiti cha daladala. Nikishakaa nusu saa kwenye foleni goti limekunjwa, kuinuka nishuke kituoni ilikuwa shughuli. Nikapita duka la dawa. Muuzaji akaniuliza umri, akatikisa kichwa: "Kaka, hapo ute wa magoti umeshakauka." Akanishushia kopo la vidonge vya bei ya kiatu kizuri.

Ute, yaani yale majimaji mazito yanayolainisha goti kwa ndani, haukuwa umekauka. Nilichokuwa nacho kina jina, goti la mkimbiaji, na jina lenyewe linahitaji maelezo kwa sababu watu hulibandika kwenye kila goti linalouma baada ya mbio.

Maana yake halisi ni finyu. Ni maumivu yanayozunguka pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele yake, au kukaa nyuma ya pia hiyo, pale pia inapokutana na fupa la paja. (Kamusi huiita kilegesambwa. Neno tamu, ila sijawahi kulisikia kwenye jogingi.) Mwambie mwenye nalo akuonyeshe panapouma: mara nyingi hatumii kidole, anafunika goti lote kwa kiganja na kusema "huku huku". Huuma akishuka ngazi au mteremko, akichuchumaa chooni, akikaa muda mrefu goti likiwa limekunjwa. Na si la wakimbiaji peke yao. Anayebeba mizigo ghorofani hulipata, kuruta hulipata, na wanawake hulipata zaidi ya wanaume.

Ili uelewe linakotoka, fikiria kapi la jahazi. Jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, lisingeweza kupandisha foromali, mti unaobeba tanga, kwa urahisi lisipopita kwenye kapi. Kapi ndilo linaloigeuza nguvu ya mabaharia. Pia ya goti hufanya kazi inayofanana na hiyo. Misuli minene ya mbele ya paja inavuta kano, kano inapita juu ya pia, na pia inaipa nguvu ya kunyoosha mguu. Kila unapokunja goti huku limebeba uzito, kano inaikandamiza pia kwenye mfereji wake katika fupa la paja. Ukitembea sakafuni, mkandamizo ni mdogo. Ukitumia ngazi unafika kama mara tatu ya uzito wa mwili wako, na ukikimbia unapita hapo. Mtu wa kilo 80 afanye hesabu mwenyewe.

Nawe usitishike na hesabu hiyo, kwa sababu goti limeumbwa kubeba. Shida ni kasi ya kuliongezea mzigo. Anayekimbia kilomita 10 kwa saa moja hupiga hatua kama elfu kumi, yaani elfu tano kwa kila goti. Mimi nilitoka kwenye kiti cha ofisi, wiki ya kwanza nikakimbia kilomita tatu mara mbili, wiki ya tatu nikajiunga na wenzangu kwenye kilomita 10 za Jumapili kupitia Daraja la Tanzanite. Pumzi iliniruhusu, na hapo ndipo mtego ulipo. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Kano, mifupa na gegedu, ule utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, huchukua miezi. Unajisikia mwepesi, unaongeza, na sehemu iliyo nyuma ya pia bado iko kwenye mzigo wa mwezi uliopita.

Sasa turudi kwenye ute, maana uzushi huu umewagharimu watu wengi fedha. Ute upo kweli, lakini katika goti zima lenye afya kwa kawaida haujazi hata kijiko cha chai. Utando wa ndani ya goti unautengeneza na kuufyonza muda wote. Goti likiudhika, utando hutengeneza ute mwingi zaidi, ndiyo sababu goti lililoumia sana hujaa maji na kuvimba. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 aliyeanza mbio mwezi uliopita hana ute uliokauka. Wala gegedu yake haimuumi, kwa sababu gegedu haina mishipa ya fahamu. Kinacholalamika ni mfupa ulio chini yake na nyama laini za kuzunguka pia. Picha ya eksirei mara nyingi hutoka safi kabisa, mgonjwa akabaki anajiona mwongo. Na mlio wa "kwaa-kwaa" ukichuchumaa, kama hauna maumivu wala uvimbe, achana nao.

Tiba yake inawachosha watu kwa sababu haiji kwenye kopo. Kwanza unapunguza mbio bila kuziacha. Kukaa kitandani wiki tatu huondoa maumivu, ni kweli, ila kunaondoa na uimara. Unarudi na goti dhaifu zaidi kwenye kilomita zilezile, na mwezi ujao uko tena duka la dawa. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwona hatimaye alinipa kipimo ambacho natumia hadi leo: yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Yasipozidi 3 ukiwa unakimbia, na asubuhi yake goti likawa kama lilivyokuwa jana yake, endelea hapo hapo. Yakizidi, au ukiamka goti ni zito, mzigo ulikuwa mkubwa, punguza. Kwangu ilimaanisha kukimbia dakika mbili, kutembea moja, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki. Aibu kidogo mbele ya wenzangu. Nilianza kutoka saa kumi na moja alfajiri wasinione.

Jambo la pili ni hatua. Mgeni wa mbio hupenda kurusha mguu mbele, akidhani hatua ndefu ndiyo kasi. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili, goti ndilo linalopokea breki. Utafiti uliotoka mwaka 2011, uliofanyiwa wakimbiaji wa kawaida huko Wisconsin, Marekani, ulionyesha kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, mwendo ukibaki uleule, kunapunguza mzigo unaofika kwenye goti. Hesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha mara nne. Ukipata hatua 156 kwa dakika, lenga 164 au zaidi kidogo. Hilo tu, usiguse kingine.

Nilipoanza kujaribu, mwili ulikumbuka kitu: ni mchakamchaka! Zile mbio za shule, foleni mbilimbili, mwimbishaji pembeni, vumbi la uwanja. Hatua fupi, za harakaharaka, mguu unatua chini ya mwili, na kasi ambayo bado unaweza kuimba nayo. Klabu za jogingi za Temeke na Mbagala zinazokimbia Jumapili huku zikiimba zinafanya bila kujua kile ambacho wengine tunalipia kufundishwa. Ukiona huwezi kuitikia wimbo, umeshapita mwendo wa mgeni.

Tatu ni misuli, na hapa ndipo watu hufika siku nne wakaacha. Misuli ya paja la mbele na ya makalio ndiyo inayolishika goti lisiangukie ndani kila unapotua. Zoezi lililonisaidia kuliko yote halihitaji hata jimu. Simama kwenye ngazi moja ya nyumbani, ile ya mlangoni inatosha, kimo cha sentimita 15 hivi. Mguu unaouma uwe juu, mwingine uning'inie. Shusha kisigino cha mguu unaoning'inia polepole, moja, mbili, tatu, kiguse chini, kisha panda. Angalia goti lako kwenye kioo au kwenye kioo cha simu: lielekee vidole vya mguu, lisilalie ndani. Wiki ya kwanza langu lilikuwa linayumba kama meza ya mama ntilie. Mara nane hadi kumi na mbili, mizunguko mitatu, kila baada ya siku moja. Ongeza kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, na kuegemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwapo. Hesabu wiki sita kabla ya kulalamika kwamba hayafanyi kazi.

Kuhusu viatu nitakuwa mfupi. Kiatu kinachokukaa vizuri, ambacho soli yake haijalala upande mmoja, kinatosha, hata kama umekitoa mtumbani Karume. Kiatu cha bei hakitafuta kosa la kuruka kutoka kilomita tatu hadi kumi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo hupunguza makali kwa siku chache, lakini kuzimeza ili ukakimbie ni kuziba king'ora wakati nyumba inaungua. Zaidi ya hapo, zinaumiza tumbo, na ukiwa umepungukiwa maji kwenye jua la Dar zinaweza kuumiza figo.

Si kila goti la anayekimbia ni goti la mkimbiaji. Maumivu makali upande wa nje, yanayokuja kila mara kwenye kilomita ileile, mara nyingi ni ya mshipi mrefu wa paja unaoshuka ubavuni mwa mguu. Yanayouma chini tu ya pia, mahali unapoweza kugusa kwa kidole kimoja, mara nyingi ni ya kano. Ila goti likivimba ghafla baada ya kujipinda, likikwama lisinyooke, likikuachia ukaanguka, likishindwa kubeba uzito, au likiwa la moto na mwili una homa, usisubiri wiki sita za ngazi wala ushauri wa duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi yangu bado anaamini kukimbia kunakula magoti. Nilimwonyesha uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2017: kati ya wakimbiaji wa kujifurahisha, waliokuwa na ugonjwa wa kusagika viungo kwenye goti au nyonga walikuwa asilimia 3.5, na kati ya wasiokimbia, asilimia 10.2. Wakimbiaji wa mashindano ya juu walikuwa asilimia 13.3. Alishika hiyo ya mwisho, akasema, "Si unaona?"

Februari nilikwenda Moshi kukimbia kilomita 21. Sisi wa Dar tunajiandaa kwenye tambarare, kisha tunakutana na barabara ya Mweka. Kupanda kunatafuta pumzi. Kushuka ndiko kunakotafuta goti. Nilishuka kwa hatua za mchakamchaka, nikapitwa na watu wengi, goti likafika mbili kati ya kumi. Kwenye basi la kurudi nilimwomba kijana tubadilishane viti, nikae upande wa njia niweze kunyoosha mguu. Akaniuliza kama ni ute.