Je, wajua kwa nini Linux bado inazitenga megabaiti 16 za kwanza za RAM?

Kama una kompyuta ya Linux ya Intel au AMD yenye RAM ya GB 8 au zaidi, fungua terminali uandike `cat /proc/buddyinfo`. Utaona RAM imegawanywa kwa kanda: DMA, DMA32 na Normal. Hiyo ya kwanza inaishia megabaiti 16. Mbona kipande kidogo hivyo kina jina lake?

Asili yake ni IBM PC AT ya mwaka 1984. Diski au kadi ya sauti haingoji prosesa iibebee data baiti kwa baiti; huweza kusoma na kuandika kwenye RAM moja kwa moja, na huko ndiko kuitwako DMA. Ila huwezi kufika usikoweza kukutaja. Anwani za DMA kwenye PC AT zilikuwa za biti 24, na biti 24 zinatosha anwani 16,777,216 tu: megabaiti 16. Vifaa vya PCI (njia ya kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta) vya biti 32 vilivyofuata vinaishia gigabaiti 4, ndiyo maana ya DMA32.

Sasa tuseme kifaa cha biti 32 kimepewa nafasi inayoanzia kwenye anwani ya gigabaiti 5. Anwani hiyo inataka biti 33. Biti ya juu inadondoka, na iliyobaki inasomeka gigabaiti 1. Kifaa kinaandika hapo hapo, juu ya data ya programu nyingine. Hupati onyo lolote. Faili linaharibika, au mashine inaganda baada ya saa mbili, na huna pa kuanzia kutafuta.

Kwa hiyo draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, hutangaza mapema kifaa chake kinafika wapi, kwa kuita `dma_set_mask_and_coherent`. Kwangu mimi, hakuna mstari mzito kuliko huo kwenye draiva nzima. Kerneli, kiini cha Linux, ikishajua, hutafuta nafasi kwenye kanda inayofikika. Data ikiwa iko juu zaidi, hupitishwa kwenye swiotlb, akiba ya chini ambayo kwa kawaida ni megabaiti 64: kifaa huandika pale, prosesa hunakili kwenda juu. Ni salama, lakini kunakili kunakula muda. Penye IOMMU, sehemu ya maunzi inayotafsiri anwani, mambo ni mepesi: kerneli hukipa kifaa anwani fupi, kisha IOMMU huigeuza iwe anwani halisi.

Wala si habari ya mashine za zamani tu. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ilitoka 2019, na baadhi ya sehemu zake hufikia gigabaiti 1 ya kwanza tu. Ikabidi Linux ya prosesa za ARM za biti 64 iongezewe kanda ya DMA kwa ajili yake.